Barua kwa mwanangu: pensheni ya bibi yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sote wazima, na bibi yako anakusalimu sana.

Juzi kwenye simu nilikukatiza kwa sababu ya wageni, nikakuahidi kukujibu kwa maandishi. Ulisema wenzako kazini huko Dar wanabisha kwamba umaskini mtu huutoka kwa jasho lake, na serikali ikimpa mzee hela, hiyo ni hisani tu. Ukauliza, pensheni ya bibi ni haki au ni sadaka?

Ni haki, mwanangu. Ingekuwa jasho peke yake linatosha, bibi yako angekuwa tajiri. Mwani ulipoanza kulimwa huku pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, naye aliingia baharini. Bamvua likifika hutoka na vigingi na kamba zake, akainama majini mpaka maji yajae, akarudi mgongo haunyooki. Bei hakuipanga yeye hata siku moja. Na kwa kuwa hakuajiriwa na mtu, hapakuwa na mfuko wa hifadhi uliomwekea chochote. Alipochoka, alibaki na sisi watoto wake, nasi tulikuwa hatuna.

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikaanza kulipa pensheni jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70. Tangu hapo kiwango kimeongezwa. Zilikuwa hela za unga, sukari na nauli ya kwendea hospitali, basi. Lakini lishike hilo neno "kila". Hakuna aliyemwuliza bibi yako kama ana njaa, wala aliyekuja kumhesabia kuku uani. Siku ya malipo hukaa benchi moja na mzee aliyekuwa mkubwa ofisini, wakaitwa kwa zamu. Nawe unamjua bibi yako: jirani akimletea futari, sahani hairudi tupu, hata kama ndani mna embe moja. Kwa pensheni hadaiwi sahani na mtu.

Tumesoma katika Kurani tangu chuoni kwamba katika mali ya mwenye nacho imo haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Imetajwa haki. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, bibi yako akiwa kitoto, nalo katika ibara ya 25 linampa kila mtu haki ya chakula, mavazi, makazi na matibabu ya kumtosha, na ya kulindwa uzeeni.

Sikufichi linaloniuma. Katiba ya Muungano, ibara ya 11, inataja haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu, lakini ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Wakenya katika katiba yao ya 2010, ibara ya 43, wameandika haki ya kutokuwa na njaa, na raia anaweza kuipeleka mbele ya jaji. Kwetu haki imeandikwa, pa kuidaia hapajafunguliwa. Ndiyo maana hata wasomi kama wenzako wanaiona hisani, na mzee akicheleweshewa hunyamaza.

Jirani yetu wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akilima mwani na bibi yako, mpaka leo hajalipwa. Kitambulisho kimempunguzia miaka mingi, na cheti cha kuzaliwa hana. Ameacha kufuatilia, anasema anaona haya kuombaomba. Nimemwambia haombi, anadai chake. Jumatatu nakwenda naye tena kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, na bibi yako atafuatana nasi akatoe ushahidi kwamba walichezwa unyago mwaka mmoja.

Mama yako