Risasi Zikikuzidi Nyumbani: Ushauri kwa Mmiliki Mpya

Anayepata leseni ya bunduki kwa mara ya kwanza hujishughulisha sana na bunduki yenyewe. Risasi huja tu. Unanunua boksi, unakwenda kulenga shabaha, unarudi na nusu yake. Mwezi unaofuata unaongeza mawili kwa sababu muuzaji alikuwa nayo. Muda si mrefu droo imejaa maboksi yaliyochanika, mfuko wa plastiki wenye risasi za mchanganyiko, na nyingine tano sita zilizotolewa kwenye magazini, yaani kikasha kinacholisha bunduki risasi, ambazo hukumbuki zilitoka wapi. Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua masanduku. Nakushauri uanze kwa kuhesabu.

Unahesabu kwanza kwa sababu ya sheria. Katika nchi nyingi kibali hutaja aina ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo na idadi yake kwa wakati mmoja. Zikizidi idadi hiyo, hizo si akiba tena, ni kosa, hata kama kila boksi lina risiti. Ukiuza bunduki, waulize waliokupa kibali kuhusu risasi zake zilizobaki. Usidhani unaweza kukaa nazo tu kwa kuwa ulizinunua kihalali. Soma karatasi yako mwenyewe, si ya rafiki yako, maana masharti hutofautiana hata kati ya watu wawili wa mtaa mmoja.

Ukishahesabu, tenganisha. Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mgeni huogopa mlipuko ndani ya kabati wakati hatari iliyo karibu naye zaidi ni risasi ya bunduki moja kuingia kwenye bunduki nyingine. Mfano unaojulikana zaidi ni wa bunduki za marisau, ambazo upana wa mtutu wake hupimwa kwa geji: namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12. Ukiitia kwenye bunduki ya geji 12 inapita chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Ukichungulia chemba unaona tupu. Unatia risasi ya geji 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono ulioushika. Ndiyo maana viwanda vimezoea kutengeneza risasi za geji 20 kwa rangi ya njano. Rangi hiyo inakusaidia ukiwa na macho na mwanga. Haikusaidii ukipapasa mfukoni alfajiri.

Kwenye raifo, yaani bunduki ndefu zinazorusha kichwa kimoja badala ya marisau, jihadhari na aina mbili za risasi: .300 Blackout na 5.56. Zote mbili hukaa kwenye magazini ileile, na mara nyingine .300 huingia kabisa kwenye chemba ya 5.56. Kichwa chake kina upana wa karibu milimita 7.8, na mtutu unaokisubiri ni wa karibu milimita 5.6. Huhitaji kuambiwa kinachofuata. Kwa bastola, usikubali kamwe maandishi ya “9 mm” peke yake kwenye kifuniko cha sanduku: kuna 9x19, kuna 9x18 ya Makarov, kuna 9x17 ambayo wengine huiita .380, na hakuna kati yao inayobadilishana na mwenzake. Andika jina zima.

Kwa hiyo sanduku moja, aina moja. Ukiwa na bunduki mbili zinazoweza kuchanganyana kama hizo nilizotaja, weka risasi zake kwenye kabati tofauti au angalau rafu tofauti, na usiwe na zote mbili mezani kwa wakati mmoja unapojaza magazini. Risasi bandia za mazoezi nazo zikae mbali kabisa na za kweli, hata kama zimepakwa rangi.

Usitupe boksi la kiwandani. Najua risasi zilizomwagwa kwenye sanduku la chuma hupendeza macho na huokoa nafasi, lakini boksi lina kitu ambacho ganda halina: namba ya toleo. Kiwanda kikigundua kasoro hutangaza kwa namba hiyo, na aliyemwaga risasi zake pamoja hana njia ya kujua zipi ni zipi. Boksi likichanika, kata kipande chenye namba ukiweke pamoja na risasi zake ndani ya mfuko mdogo. Risasi zisizo na asili ninazitenga kwa ajili ya kusalimisha. Sizipigi kwa majaribio.

Sasa masanduku. Yale ya chuma ya kijeshi yenye mpira wa kuzibia kwenye kifuniko ni mazuri, nayo hupatikana kwa kila ukubwa. Kagua mpira: ukiwa umekauka na kupasuka, sanduku hilo halizuii unyevu. Kumbuka pia kwamba sanduku linalofunga vizuri hufungia ndani hewa iliyomo wakati huo. Ukilifunga siku ya mvua, umehifadhi unyevu. Lifunge siku kavu, weka ndani kifuko cha silika cha kunyonya unyevu, kile kinachobadilika rangi kikijaa, na ukikague kila baada ya miezi michache. Ukitoa sanduku mahali pa baridi kulipeleka penye joto, liache limefungwa hadi lipate joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya shaba.

Usijaze sanduku kubwa kwa sababu tu lina nafasi. Risasi 1000 za 9x19 zina uzito wa kilo 12 hivi. Idadi hiyohiyo ya 7.62x51, risasi ya raifo, ni kama kilo 24. Mshikio utavumilia, mgongo labda usivumilie, na rafu ya mbao nyembamba hupinda polepole hadi siku inapokatika. Mizigo mizito ikae chini, lakini isiguse sakafu ya saruji moja kwa moja. Vipande viwili vya mbao vinatosha kuinua.

Mahali pafaapo ni pale ambapo wewe mwenyewe ungelala usingizi mzuri: pakavu, pasipo na jua, pasipo na joto la kupanda na kushuka. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1884, hutegemea selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, na dutu hiyo huchakaa yenyewe taratibu. Viwanda huchanganya kemikali ya kuituliza, ila joto huimaliza kemikali hiyo mapema. Darini chini ya bati na ndani ya buti la gari ni sehemu mbaya kwa sababu hii. Mahali pa baridi na pakavu risasi za kiwandani hudumu kwa miongo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Usiweke risasi karibu na dawa za usafi zenye amonia. Jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, na sababu ilikuja kuelezwa mwaka 1921: mvuke wa amonia kutoka kwenye mazizi ya farasi ulikuwa unashambulia shaba iliyobaki na mkazo tangu kiwandani. Chumba cha kufulia na banda la mifugo havifai hata kama vina kufuli zuri. Mkanda wa ngozi wa kubebea risasi nao ni wa kuwindia tu. Risasi zikiachwa humo kwa muda mrefu huota ukijani. Na usizipake mafuta ukidhani unazikinga. Mafuta yanaweza kupenya hadi kwenye fataki, ile sehemu ndogo kitakoni inayowasha baruti, na kuiua.

Kuhusu moto, nitasema kwa kifupi. Risasi iliyo nje ya bunduki ikipashwa joto hadi kuwaka hupasua ganda lake, na vipande huruka, ila haina mtutu wa kuipa nguvu, hivyo kichwa hakiendi kama kilichofyatuliwa. Vipande hivyo bado huumiza macho na ngozi. Usiweke akiba kwenye njia ya kutokea nyumbani, wala kando ya jiko au mitungi ya gesi, na zimamoto wakifika jambo la kwanza kuwaambia ni risasi ziko chumba gani.

Kufuli ni lazima, na ufunguo wake usiwe kwenye pete moja na ule wa kabati la bunduki. Maandishi ya masanduku yawe upande wa mbele, yasiwe juu ya kifuniko, kwa sababu ukiyapanga hutaona vifuniko. Mlango wa kabati kwa nje usiwe na neno lolote, na picha za rafu zako usizitume kwa mtu. Mwizi hahitaji msaada wako.

Daftari liwe na tarehe, aina, kiwanda, namba ya toleo, idadi na sanduku. Tumia za zamani kwanza. Kila unapotoa, andika. Unapokagua, tafuta ganda lenye ufa shingoni, lililobonyea, lenye ukijani unaong’ata, na kichwa kilichozama ndani kuliko wenzake. Hicho cha mwisho huwapata sana wanaotia na kutoa risasi ileile kwenye chemba kila siku: kichwa husukumwa ndani kidogo kidogo, nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo hupanda ikifyatuliwa.

Zilizokataliwa ziwe na kopo lao lililoandikwa. Usizichome, usizizike, usizitupe jalalani, na usijaribu kuzifungua kwa koleo. Piga simu polisi au kwa muuzaji mwenye leseni, uulize wanavyozipokea kabla ya kuondoka nazo nyumbani. Na ndani ya jalada la daftari andika namba hiyohiyo ya simu, pamoja na jina la mtu mmoja mwenye kibali ambaye familia inaweza kumwita, kwa sababu siku usipokuwepo, watakaofungua kabati hilo huenda hawaruhusiwi hata kubeba kilichomo.