Mimi si mwalimu wake, nimwandikie nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasimamia zamu katika nyumba ya kulelea wazee hapa Uingereza. Mmoja wa wahudumu wangu, mama wa miaka 43, anaomba kusomea uuguzi chuo kikuu. Shule aliiacha zamani na walimu wake hajui hata waliko, kwa hiyo nimeletewa mimi kiungo cha UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vikuu hapa, nimwandikie mapendekezo. Namfahamu miaka 6. Nimeandika "ni mchapakazi, mwaminifu, mcha Mungu na hachelewi kazini", nikakwama hapo, leo siku ya nne. Mambo mawili yananitatiza. Tulipohamishia kumbukumbu za wazee kwenye tableti alipata tabu sana; wiki 6 nzima alikuwa anaandika kwanza kwenye daftari lake, kisha ananakili kabla ya kwenda nyumbani. Halafu mwaka juzi hakuja kazini miezi 3, alikuwa anamuuguza mumewe. Niyafiche?
Msimamizi wa zamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika hayo mawili unayotaka kuyaficha, la daftari ndilo barua yenyewe. Nitalirudia.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa kwamba hukumfundisha. Kwa masomo ya shahada, vyuo vya Uingereza humhesabu mwombaji kuwa mtu mzima akianza masomo akiwa na miaka 21 au zaidi, na wengi wao hawana tena mwalimu wa kuwasemea. Msimamizi wa kazi anakubalika. Asiyekubalika ni ndugu, rafiki, mke au mume, hata waliokwisha kuachana. Kunywa naye chai wakati wa mapumziko hakukuharibii kitu, ila kama wewe ndiye uliyesimamia harusi ya mwanawe, mtafutie mtu mwingine leo hii.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya udahili nikisoma maombi ya watu wazima. "Mchapakazi" nililisoma mpaka likaacha kuwa neno. Sisi Waswahili tukiombwa kumsemea mtu tunadhani tumeitwa kumsifu, basi tunamvisha kilemba cha ukoka, na msomaji anakiona ni majani. Swali alilo nalo yule msomaji ni dogo tu: mtu huyu amekaa mbali na darasa zaidi ya miaka 20, je, bado anajifunza? Cheti cha shule alichopata akiwa kijana hakilijibu swali hilo. Wewe unaweza, kwa sababu umemwona akijifunza.

Ndiyo maana nimeshika lile daftari. Mtu amepewa chombo kipya kinachomtoa jasho. Hakukwepa, hakumpa kijana wa zamu amjazie. Aliandika mara mbili kila siku kwa wiki 6. Baada ya hapo ikawaje? Hukuniambia, na hapo ndipo penye utamu wa barua. Kama siku hizi anajaza mwenyewe na wenzake wanamuuliza yeye, andika hivyo hivyo, pamoja na zile wiki 6. Ukiandika "ana ujuzi mzuri wa kompyuta" utakuwa umesema uongo, tena uongo usiomfaa. Na kama bado anasuasua, sema anasuasua wapi.

Ukimaliza hilo, nenda kwenye kumbukumbu zake. Anaandika "mzee hakula vizuri", au anaandika alikula nini, kiasi gani, na alikataa nini? Kwenye makabidhiano ya zamu anasema nini ambacho wengine hukisahau? Amewahi kuona badiliko kwa mzee kabla ya wengine, akaripoti, ikawa kweli? Tukio moja lililoshiba lina uzito kuliko sifa 10. Jina la mzee usilitaje, wala ugonjwa wake kwa namna itakayomtambulisha. Taja na mafunzo aliyofanya akiwa kazini, yale unayoyajua kwa hakika. Alama atakazopata chuoni usizibashiri. Hiyo si kazi yako.

Miezi 3 ya mumewe ni habari yake, si yako. Muulize kwanza. Tangu maombi ya kuanza masomo 2024, fomu ya mapendekezo ina sehemu 3, na ya pili ni ya mazingira yaliyomkwamisha mwombaji. Akikubali, sentensi mbili zinatosha: alikuwa na jukumu la kuuguza nyumbani kwa miezi 3, akarudi kazini na kuendelea na zamu zake kama kawaida. Akikataa, nyamaza. Sehemu ya kwanza imetungwa kwa kufikiria shule, basi wewe eleza hapo kwa ufupi nyumba yenu ni ya namna gani, cheo chako, na umemsimamia kwa muda gani. Daftari na mengine yote yaende sehemu ya tatu.

"Mcha Mungu" lifute. Silidharau, lakini msomaji hana pa kuliweka. Futa pia "licha ya umri wake" kama limeshakutoka. Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Mtu mzima wa kwanza niliyemwandikia nilisema "anastahili kupewa nafasi nyingine", nikajiona nimeandika kwa huruma. Alipoisoma akaniuliza, "Mwalimu, nafasi ya kwanza niliipata lini?" Alikuwa ametolewa shule akiwa na miaka 14 ili wadogo zake wasome. Tangu siku hiyo kila barua ninaiandika kana kwamba mwenyewe amesimama nyuma ya kiti changu.

Mwombe akuonyeshe maelezo yake binafsi, ambayo tangu maombi ya kuanza masomo 2026 huandikwa kwa kujibu maswali 3, ili usirudie aliyokwisha kusema. Asikuandikie barua yeye. Msomaji mzoefu anaijua sauti moja inapotoka midomo miwili. Jina la chuo pia usiliweke, hata kama amekunong'oneza anachokipenda: maandishi yako hayo hayo yatasomwa na vyuo vyote alivyochagua, na anaruhusiwa hadi 5.

Siku ya nne, umesema. Ombi lake haliendi popote mpaka sehemu yako ikamilike, na tarehe kuu ya kupokea maombi huwa Januari. Kesho zamuni muulize kuhusu mumewe, na umuulize pia lile daftari alilitupa au bado analo.