Jenereki si dawa bandia

SWALI: Daktari aliniandikia Doliprane kwa maumivu ya mgongo. Famasi ikanipa sanduku lililoandikwa paracétamol tu, wakasema ni jenereki. Muuza dawa mmoja hapa sokoni Kadutu anasema jenereki haina nguvu, ninunue Doliprane kwake nizinywe zote mbili. Jenereki ni nini hasa? (Mama wa Bukavu)

JIBU: Mama, usizinywe zote mbili. Ni dawa ile ile. Doliprane ni jina la biashara. Parasetamoli ndiyo dawa yenyewe. Jenereki hutengenezwa na kampuni nyingine na mara nyingi huuzwa kwa jina la dawa yenyewe, kwa bei ya chini. Angalia sanduku la Doliprane: chini ya herufi kubwa utakuta neno lile lile, paracétamol, na kiasi chake, miligramu 500 au 1,000. Hapo ndipo pa kusoma kwanza. Dafalgan, Efferalgan na Panadol nazo ni parasetamoli, na dawa nyingi za mafua zinayo ndani.

Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku. Doliprane moja ya 1,000 pamoja na vidonge viwili vya 500, mara nne kwa siku, ni gramu 8, na kinachoharibika ni ini. Siku ya kwanza unaweza kusikia kichefuchefu tu, au usisikie kitu. Kama umeshazidisha, nenda hospitali leo hii, usingoje macho yawe ya manjano. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Kinachoniudhi ni hawa wauzaji wanaochanganya jenereki na bandia. Bandia ni dawa inayodanganya kuhusu kilichomo. Mwaka 2014 na 2015, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, Kongo, watu zaidi ya 1,000 walikazwa misuli ya uso, shingo na ulimi, hata ikadhaniwa ni meninjiti, homa ya uti wa mgongo. Vidonge walivyomeza viliandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, kumbe ndani ni haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Na jina kubwa la kampuni halikukingi, maana mghushi naye anapenda jina linalouzwa ghali.

Anayekukatia vidonge viwili kwa mkasi, tarehe ya kuisha ikabaki kwenye kipande chake, anayeanika dawa juani, anayekuchanganyia za rangi tatu katika kikaratasi bila kuuliza unaumwa nini: huyo ndiye wa kuogopa, hata kama anauza Doliprane ya kweli. Dai kuona sanduku, jina la dawa, tarehe na namba ya toleo. Akikataa, usinunue.