Nyanya: njano juu, mishipa kijani
Unasema majani ya nyanya zako yamekuwa ya njano huko juu, mishipa ikabaki kijani, na unadhani ni naitrojeni. Huo ni upungufu wa madini ya chuma, siyo naitrojeni. Nyanya ikikosa naitrojeni huanza majani ya chini, tena jani zima hupauka. Yako yameanza machanga ya juu na mishipa imebaki kijani. Acha kwanza kumwaga jivu la jikoni kila mara. Jivu hupunguza tindikali ya udongo, basi chuma kipo ardhini lakini mizizi haikipati. Weka mboji au samadi iliyooza vizuri, na maji yasituame. Misumari ya kutu mnayoambiana kufukia haisaidii, kutu haiyeyuki kwenye udongo wa hivyo. Angalia majani yatakayochipua, ya zamani huenda yasirudi. Ila kama njano hiyo, yenye mishipa kijani, ingekuwa kwenye majani ya chini, ningesema ni upungufu wa madini ya magnesiamu.