Barua kwa mwanangu: gari ulinunue lini

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umeniambia una milioni 9, benki iko tayari kukukopesha 8 kwa dhamana ya mshahara, na wenzako kazini wanakuhimiza uagize gari Japan sasa hivi kabla bajeti ya Juni haijapandisha kodi. Ukauliza, "Mama, ninunue sasa au nisubiri?"

Subiri, mwanangu. Na nitakueleza kwa nini.

Marehemu baba yako alipostaafu wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki vizuri. Alichukua kiinua mgongo, akaenda yadi moja huko Dar, akarudi Morogoro na pikapu. Gari lilikuwa zuri, sijawahi kulilaumu. Tatizo ni kwamba alilinunua kwa shilingi yake ya mwisho. Mwezi wa tatu injini ikachemsha, silinda hedi ikapinda, fundi akataja bei ambayo hatukuwa nayo. Gari likakaa chini ya mwembe karibu miaka miwili. Kila asubuhi baba yako alilifuta vumbi, akakunja kitambaa, kisha akaenda kituoni kupanda daladala. Nilikuwa namtazama kutoka dirishani na moyo unaniuma.

Ndiyo maana wakati wa kununua mimi siupimi kwa kalenda kwanza. Naupima kwa mshahara: je, umeshazoea kulilisha gari?

Fanya hivi. Kuanzia mwezi huu, jifanye gari unalo. Rejesho la benki ulitenge. Petroli ya kutoka Mbezi hadi Posta na kurudi uitenge, kwa bei ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Weka na ya maegesho, ya kumwaga oili, ya matairi, ya bima. Usinipigie hesabu ya bima ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu. Gari ulilolikopea likatie bima kubwa, inayolinda na gari lako, na hiyo hulipiwa kila mwaka. Fedha hiyo yote iende kwenye akaunti usiyoigusa, na wewe uendelee na mabasi ya mwendokasi. Ukifika Oktoba bila kuchota hata mara moja, na bila kukopa kwa wenzako, gari utaliweza. Tena utakuwa na akiba ya fundi ambayo baba yako hakuwa nayo, na huenda ile 8 ya benki ikapungua.

Sasa kuhusu bajeti. Ni kweli mabadiliko ya kodi huanza 1 Julai, na yanaweza kukuumiza. Lakini yanaweza pia kukupunguzia, na mtu anayekuhakikishia leo anakisia tu. Kinachojulikana ni umri wa gari. Gari dogo la kati ya miaka 8 na 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, likizidi 10 ni asilimia 30, na miaka huhesabiwa tangu mwaka lilipotengenezwa. Kenya, anakoishi shangazi yako, likipita miaka 8 haliingii kabisa. Kwetu Tanzania linaingia ila unalipia. Kwa hiyo ukiagiza Novemba gari lililo ukingoni mwa miaka hiyo, meli ikachelewa hadi Januari, umri umeongezeka na gari likiwa bado majini. Chagua lililobakiza angalau mwaka kabla ya kufika ukingo huo. Na kabla hujatuma hata senti, ingiza taarifa zake kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, mamlaka ya mapato, maana bei uliyonitumia inaishia bandarini. Kodi, wakala wa forodha na usajili bado.

Mimi hata hivyo ningekushauri utafute la hapa hapa, lenye namba ya usajili ya D au E, la mtu aliyelitunza. Januari watu wana ada za shule, na mwenye gari la pili nyumbani huwa tayari kukaa chini mkazungumza bei. Dalali akikuambia kuna mteja mwingine njiani, mwache huyo mteja alichukue. Nenda asubuhi kabla injini haijawashwa, na uende na fundi wako, si wa muuzaji. Inua zulia unuse. Gari lililoingia maji wakati wa masika harufu yake haiishi. Jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, na faini za barabarani uziangalie kabla ya kulipa.

Daftari la petroli la baba yako ninalo kabatini, ameandika hadi lita ya mwisho. Ukija mwisho wa Juni uje na hesabu ya mwezi wako wa kwanza, tukae nayo barazani.

Nakupenda,
Mama yako