Onja Maji Kabla Hujafungua Mdomo

Mwaka wangu wa kwanza wa kuhubiri kilimo endelevu niliunguza miche ya hoho ya akina mama 12. Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaonijia wakitaka kuingia kwenye kazi hii hunikuta na kofia yangu ya ukindu na maneno mengi, wakadhani nilizaliwa nayo.

Ilikuwa Februari, kaskazi imeshika, huko Shanzu, Mombasa. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku 5 na cheti changu bado kinanukia wino. Nikawaambia wale mama waachane na mbolea ya dukani, samadi ya kuku inatosha. Nikaileta mwenyewe kwa tuktuk, magunia 8, mbichi kabisa, bado ina moto ndani. Dereva akaniongezea nauli kwa ajili ya harufu, na sikuwa na la kumjibu. Tukaitandaza, tukapandikiza, tukamwagilia kwa maji ya kisima kilichokuwa hapo karibu. Wiki ya pili kingo za majani zilikuwa zimegeuka kahawia na kujikunja kama karatasi iliyopitishwa juu ya jiko.

Nikaanza kueleza mambo ya naitrojeni. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwembe akainuka polepole, akatia kidole kwenye ndoo yangu, akakilamba.

"Mwanangu, kwani hukuyaonja?"

Maji yalikuwa ya chumvi. Samadi mbichi ilikuwa na kosa lake, lakini chumvi ndiyo iliyomalizia. Ukanda wetu wa karibu na bahari umekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye vitundu vitundu. Kiangazi kikikaza na watu wakiteka sana, maji ya bahari hujipenyeza chini kwa chini mpaka visimani. Wale mama walilijua hilo siku zote. Kisima kile walikitumia mvua za masika zinaponyesha, kuanzia Aprili. Kaskazi ikivuma huenda kile cha mbali. Hakuna aliyeniambia kwa kuwa sikuuliza, na mwenye cheti nilikuwa mimi. Kilichoniuma zaidi ni mchicha uliojiotea pembeni ya tuta. Ulikunywa maji yale yale na ulikuwa umesimama wima, majani yanang'aa.

Basi ukiitwa mahali kufundisha, fika jana yake. Onja maji ya kila kisima. Tazama nini kinaota bila kupandwa, nini bibi anachuma njiani kwa ajili ya chungu cha jioni: kunde, kisamvu, mnavu, mchunga. Hapo ndipo utajua ardhi ile inakubali nini. Mimi sina ugomvi na sukuma wiki, ila mtu anayeilazimisha kwenye mchanga wa Mombasa mwezi wa pili, kwa maji ya kununua kwa mtungi, ana pesa za kuchezea.

Na samadi ya kuku, iivishe kwanza. Siku hizi naichanganya na majani makavu ya mwembe na maganda ya jikoni, tabaka juu ya tabaka, narashia maji, nafunika, nageuza kila baada ya wiki 2 hivi. Sina kipimajoto. Nachomeka panga katikati ya lundo, nakunywa chai, kisha nalichomoa na kulishika bapa. Likinichoma, mboji bado inapika. Likiwa na uvuguvugu tu, na harufu imekuwa ya udongo baada ya mvua, ipo tayari. Mara nyingi huchukua kama miezi 3, na hapo ndipo wengi hukukimbia.

Uwaambie ukweli huo mapema. Kadhalika mwarobaini. Tunauponda, tunauloweka usiku kucha, tunachuja, tunatia sabuni kidogo na kunyunyizia jioni kwa sababu jua huuharibu upesi. Unasaidia dhidi ya vidukari na viwavi wachanga. Lakini mdudu haanguki papo hapo kama wa dawa ya dukani. Huacha kula, hudumaa, anakufa kwa siku zake. Usiposema hivyo, kesho yake asubuhi utapigiwa simu kwamba umewauzia maji ya majani.

Kuhusu soko, nenda Kongowea alfajiri usimame kando ya mchuuzi wa mboga. Anakinyanyua kifungu, anakitikisa, anaangalia mizizi, anataja bei. Hakuna swali la dawa. Nimewahi kuwaahidi watu bei nzuri zaidi kwa sababu mboga zao ni safi, na nikaonekana mwongo. Sasa natoa hesabu ya upande wa pili: zile shilingi za mbolea na dawa ambazo hukuzitoa mfukoni.

Mshahara wako je? Mimi naishi kwa kuuza miche. Posho za semina huja na kuondoka, na zina kasumba yake. Nimekaa kwenye kumbi za hoteli tukijadili ukame huku tumevaa sweta kwa baridi ya kiyoyozi. Ukizizoea, utajikuta unajua menyu za hoteli kuliko majina ya wadudu.

Mtu akikata tamaa na ardhi yake, maneno yangu siyategemei. Nampeleka Haller Park, pale Bamburi. Yale yalikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, Rene Haller, alianza kupanda miti humo, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Tatizo, majani yake yalianguka yakakaa tu bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Leo pana msitu na twiga. Wale mama niliowapeleka walipita twiga wakaenda kuchutama kwenye majani makavu kuwatafuta majongoo. Mmoja akasema, "Na sisi tunavyowapondaponda!"

Deni la hoho nilililipa mvua za vuli zilipoanza. Nilirudi Shanzu na trei za miche, mboji iliyoiva, na kopo la kumwagilia nililolijaza nyumbani. Nikamwamkia yule bibi. Aliitikia, akaikagua miche mmoja mmoja bila haraka, kisha akatia kidole kwenye kopo langu na kukilamba.

"Haya," akasema, "mwaga."