Mbwa mzee, miguu mikakamavu, na nusu kidonge cha diklofenaki

SWALI: Daktari, habari za kazi. Miaka sita iliyopita nilimwokota mbwa karibu na jaa la Gioto, akiwa tayari mbwa mzima. Sasa nadhani ana miaka 10 au zaidi. Tangu baridi ya Juni ianze, miguu ya nyuma imekakamaa. Asubuhi huinuka kwa taabu, lakini akishatembea kidogo hulegea. Jirani alisema ni baridi yabisi, nimpe nusu kidonge cha diklofenaki asubuhi na jioni. Siku ya pili tu alikimbilia lango! Leo ni siku ya nne. Pia kuna kijana anayezunguka na mkoba wa dawa, anasema ana sindano moja ya kumaliza kabisa, shilingi 500. Niendelee na vidonge au nimwite huyo wa sindano? Tangu jana chakula hakitaki sana, ila huo nadhani ni uzee. (Msomaji, mtaa wa London, Nakuru)

JIBU: Acha vidonge leo. Hata cha jioni usimpe. Na kijana wa mkoba usimfungulie lango.

Sentensi yako ya mwisho, uliyoitupia kama nyongeza, ndiyo iliyofanya nikujibu kabla ya waliotangulia. Mbwa aliyekuwa akila vizuri, akapewa diklofenaki siku nne, kisha akagoma kula, huyo hajazeeka ghafla. Mfunue mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole, uachie. Unatakiwa uwe wa waridi na rangi irudi katika sekunde mbili hivi. Kama ufizi wake ni mweusi kwa asili, vuta kope ya chini utazame ndani. Ukikuta weupe, au kinyesi cheusi cha kunata kama lami, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, mpakie kwenye gari umpeleke kwa daktari usiku huohuo.

Wengi wananiambia, kama wewe, “lakini ilimsaidia, alikimbia.” Ndiyo, ilimsaidia. Diklofenaki inaua maumivu kwelikweli, na hapo ndipo inapotudanganya. Kemikali zilezile mwilini zinazoleta uvimbe na maumivu kwenye kiungo ndizo pia zinazolinda utando wa tumbo na kuhakikisha figo zinapata damu ya kutosha. Dawa za jamii hii huzizuia kote, zile za goti na zile za tumbo. Kisha mwili wa mbwa una tatizo lake: ini huimwaga dawa kwenye nyongo, nyongo huingia utumboni, na utumbo huinyonya tena. Kwa hiyo kukata kidonge katikati hakumgeuzi mbwa kuwa nusu ya mtu. Ibuprofeni ni hivyohivyo. Parasetamo nayo huharibu ini la mbwa ikizidi, na paka hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. (Ni diklofenaki hiihii iliyokaribia kuwamaliza tumbusi wa India, kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, hata serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Naitaja kwa sababu kila wiki mtu hunihakikishia kwamba ni dawa ndogo.)

Mwaka jana mzee mmoja aliniletea mbwa wake ndani ya toroli, amefunikwa shuka. Alikuwa amempa vidonge vivyo hivyo kwa wiki moja, kisha, alipoona mbwa amelegea, akaita mtu wa sindano. Chupa hakuiona vizuri, anakumbuka tu kwamba dawa ilikuwa maji meupe na kwamba mbwa aliamka akala jioni ile. Nashuku ilikuwa deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, ndiyo inayopendwa kwa sababu ni rahisi na humfanya mgonjwa achangamke haraka. Ukiichanganya na diklofenaki, tumbo linaweza kutoboka. Nilimbonyeza ufizi na rangi haikurudi. Mzee aliniuliza kama ni baridi ndiyo iliyoingia tumboni.

Jina lenyewe limetuponza. Tukisikia “baridi yabisi” tunadhani baridi imeingia mfupani na inahitaji kutolewa, kwa chuma cha moto, kwa mafuta ya kuchua yenye harufu kali ambayo mbwa huyalamba yote, au kwa sindano. Ukweli ni kwamba gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, limelika. Haliwezi kurudishwa kwa sindano ya mtu yeyote. Baridi ya Nakuru huongeza ukakamavu, haiuleti.

Halafu, nani kasema ni gegedu? Mbwa wa kuokotwa mwenye viungo vinavyouma, hapa kwetu, ni lazima nimpime damu kwa sababu ya ugonjwa wa kupe. Ugonjwa huo unaweza kuvimbisha viungo na pia kupunguza zile chembe zinazogandisha damu. Sasa fikiria mbwa ambaye damu yake haigandi, umempa dawa inayochubua tumbo. Ugonjwa wa kupe una dawa yake, na ukigunduliwa mapema mbwa hupona.

Kama vipimo vitaonyesha ni viungo kweli, zipo dawa za maumivu zilizopimwa kwa ajili ya mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni. Hizo hutolewa kwa uzito uliopimwa kwenye mizani, na kwa mbwa wa umri huu baada ya kupima figo na ini. Usitarajie nikupe leo hii. Baada ya diklofenaki, kwa kawaida tunangoja siku tano hadi saba.

Mengine ni ya nyumbani. Mtoe kwenye simenti, mpe godoro kuukuu juu ya mbao. Tandaza mkeka palipo na vigae ili miguu isiteleze, na mkate kucha. Mtembeze dakika kumi mara tatu kwa siku badala ya saa nzima Jumapili. Kama mbavu zake hazipapasiki kwa sababu ya mafuta mwilini, punguza ugali. Kila kilo anayoipunguza ni kilo ambayo goti halibebi. Na usingoje alie. Mbwa huficha maumivu, wengi hawalii hata siku moja. Huacha tu kuruka, hulamba goti lilelile, hushusha mkia.

Kuhusu kijana wa mkoba: kila anayetibu wanyama kisheria Kenya amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, awe daktari au msaidizi wake. Mwombe namba yake na chupa yenye lebo. Atakayechukia swali hilo mwache aende na shilingi zake 500 azitafute kwingine. Mimi huwaona wateja wake wiki moja baadaye, na bili yangu huwa kubwa kuliko ile ambayo ingekuwa mwanzoni.

Ukija, leta pakiti ya vidonge vilivyobaki nione ni miligramu ngapi, na uniandikie saa ulizompa. Kama kinyesi ni cheusi, usisubiri nikujibu tena.